Mama Kuluthumu Useni wa Redio Makoro, Mwenye Kulinda Sauti za Watu

Ijumaa tarehe 28 juillet 2023, saa kumi ya muchana, Mama Kuluthumu Useni, fundi mukubwa wa sauti wa Redio Makoro, ataweka funguo za studio juu ya meza ya directeur na kwenda pumuziko, baada ya miaka makumi mbili na munane na karibu miezi tatu ya kazi. Aliingia tarehe 2 mai 1995. Tangu ile siku serikali zilibadilika, waasi waliingia wakatoka, wakaingia tena, mulima Nyiragongo ulitapika mara mbili, na masikio ya Mama Kuluthumu yalibakia yale yale.

Waliniomba mimi Munyaneza niandike maneno ya programu hii, karatasi ya sherehe ya kumuaga. Kusema kweli hawakuniomba sana, nilijitolea. Bibiche, mutangazaji wetu, alitaka kuandika, nikamuambia hapana, mama, weye ulikuja juzi tu, 2008. Mimi niko hapa tangu 1996, dereva wa gari na fundi wa groupe, ile mashine yenye kutupatia courant, ni umeme, wakati muji hauna. Masomo yangu yaliishia sixième primaire, lakini sixième ya wakati wetu ilikuwa sawa na université ya leo, na mwalimu wangu alisema kalamu yangu ilikuwa na moto.

Mama Kuluthumu ni mutoto wa Goma, wazazi wake watu wa Maniema. Baba yake, muzee Useni, alitengeneza redio pale Birere, na musichana alikomaa chini ya meza ya kazi, katikati ya vipande vya waya. Anasema jambo la kwanza analokumbuka katika maisha hapana sura ya mutu. Ni sauti ya redio inayotafuta station, ule mulio unaopanda na kushuka kama upepo juu ya Ziwa Kivu asubuhi, wakati ukungu haujatoka na mutu hajui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Kwetu aliingia kama mufagiaji wa studio. Wiki ya kwanza alisimama na fagio mukononi, akauliza fundi wa wakati ule: «Papa, kwa nini sauti ya mutangazaji imevaa koti?» Yule papa alicheka. Kisha alifungua mashine, akakuta kichwa cha kusomea kaseti kimejaa vumbi. Tangu pale fagio lilipata mutu mwingine.

Wageni wengi wanamuogopa. Hawezi kuanza kipindi kama mutu amevaa bangili, na karanga haziingii studio hata ukiwa gouverneur. Anafunga macho wakati wa kusikiliza, na watu wanafikiri amelala. Halafu anasema polepole: «Papa, jino lako la nyuma limetoboka, nenda kwa daktari.» Mara tatu alisema vile, mara tatu ilikuwa kweli. Mutu wa tatu nilikuwa mimi.

Tarehe 17 janvier 2002, moto wa mulima ulishuka mpaka ndani ya muji. Studio yetu ya zamani ilikuwa katika njia yake. Mama Kuluthumu aliweka juu ya kichwa sanduku la kaseti mia mbili, sauti za wazee, za harusi, za makwaya, na akatoka bila kuchukua kitu chake hata kimoja. Mimi nilitoa groupe. Watu wane wanaibebaka kawaida. Nilibeba peke yangu, na essence, petroli yake, ndani, na moto ulinifuata mpaka ukala kisigino cha kiatu cha kushoto. Kiatu niko nacho. Mwenye mashaka aje nyumbani Mabanga akione.

Pale njiani, katikati ya watu waliokimbia na magodoro, Mama Kuluthumu alisimama. Mbingu ilikuwa nyekundu kwa chini, kama mutu amewasha taa nyuma ya pazia. Aliniambia: «Munyaneza, sikiliza.» Nikasikia. Moto wa mulima haupigi kelele ukitembea. Unalia kama mutu anayefagia vioo vilivyovunjika, polepole, bila haraka yoyote, chumba kwa chumba. Alisema: «Ni muzuri sana, na sina micro.» Ndiyo mara moja tu katika miaka hii yote nilimuona akitoa machozi kwa sababu ya kazi.

Tulijenga studio mpya juu ya makoro yenyewe, yale mawe meusi ambayo moto uliacha ulipopoa. Jina la redio lilitoka pale.

Mwaka 2007 tulipata ordinateri, ndiyo kompyuta, na watu wote walifurahi isipokuwa mutu mumoja. Alisema sauti inatoka ndani imechafuka. Tulimuambia ni mambo mapya, atazoea. Mwaka wa kufuata akamuita Bibiche aguse souris, kale kapanya ka mukono, na kweli, kila wakati souris ilitembea juu ya meza, kulikuwa na kamulio kadogo, zzi, zzi, ndani ya maneno ya habari. Watu wa Lac Vert walikuwa wanasikia souris yetu kwa mwaka muzima na walifikiri ni nzige.

Alinielezea, na mimi nawaelezea ninyi. Ordinateri inakata sauti vipande vipande, elfu makumi ine na ine na mia moja kwa seconde moja, halafu inavishona tena ili sikio lisione mushono. Kazi ile ya kukata na kushona, ukiifanya ndani ya tumbo la ordinateri, ni kama kushona gauni la bibi arusi katika garage. Mafuta yataingia tu. Basi unatoa mushonaji inje, unamupa chumba chake. Ile ndiyo convertisseur ya inje, kasanduku ka chuma ambako wafadhili walituletea mwaka 2009. Mama Kuluthumu alikaweka mbali na ordinateri, juu ya kitenge alichokunja mara ine, na alikataza mutu kukohoa karibu yake.

Ile siku tulipokafungulia, simu zililia. Muzee mumoja wa Kibumba aliuliza: «Mulihama? Inasikika muko katika nyumba kubwa.» Mama mwingine alisema kwa mara ya kwanza alisikia Bibiche akipumua kabla ya kusema, na akajisikia kama hayuko peke yake nyumbani. Mimi mwenyewe nilikaa inje karibu ya groupe na redio ndogo sikioni, na sauti ilikuwa inaelea mbele yangu, ningeweza kuigusa na kidole. Nililala pale. Nikaota nazungumuza na mama yangu, na yeye alikufa 1989.

Ilibakia kasoro moja. Ordinateri ilikuwa na saa yake ya kukatia, convertisseur saa yake, mashine ya kutuma kwa antenne saa yake, na kila moja ilitaka kuamuru. Sisi watu wa Goma tunajua namna inakuwa wakati wakubwa ni watatu katika muji mumoja. Kila dakika kadhaa, ta, kitu kinakatika. Kwa hiyo mwaka 2011 ilikuja saa ya inje. Si saa ya kuangalia saa ngapi. Ni kasanduku kengine kenye taa ndogo ya kijani, kanaamuru mashine zote zikate pamoja na zishone pamoja. Kana bouton moja tu, upande huu 44, upande ule 48. Sisi tunafanya kazi na 44. Ukikata kwa 44 na ukashona kwa 48, unashona haraka kuliko ulivyokata: sauti inakimbia, na inapanda juu, inakuwa nyembamba.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo lilinifanya niombe kalamu.

Wote munakumbuka mwisho wa 2012. Vita vilianguka Kibumba, watu walikimbia kuja muji, waasi waliingia Goma, wakakaa siku kumi na kitu, wakatoka. Watoto wengi walipotea katika ile mbio. Redio Makoro ilikuwa na kazi moja: kutangaza watoto waliopatikana. Majina hayakutosha, sababu mutoto mudogo hajui jina la baba, anajua «Papa». Kwa hiyo Mama Kuluthumu alizunguka kwa muguu, Mabanga mpaka Lac Vert, na kamashine mukononi, akakamata sauti ya kila mutoto. Naitwa fulani. Nataka mama. Basi, vile tu. Mama angesikia, angejua. Walikuwa makumi tatu na mumoja. Wasiotambuliwa walikuwa wanapelekwa kwa mashua mpaka kituo cha Bukavu, wengine mercredi, ni jumatano, wengine samedi, jumamosi.

Courant hakuna. Essence ilikuwa kidogo, na groupe ni mimi. Mardi, jumanne, niliketi nikapiga hesabu. Nilikuwa nimemuona Mama Kuluthumu akijaribu ile bouton, na nilijua kwa 48 kipindi cha saa moja kinaisha kwa dakika makumi tano na tano. Dakika tano za essence kila saa, bure! Hakuna injenieri wa Kinshasa aliyefikiria vile. Nilisukuma bouton. Bibiche hakutambua kitu, sababu sauti yake mwenyewe ilipita kwa micro, njia nyingine. Zilizopita pale ni sauti za watoto tu, na mutoto ana sauti nyembamba, nani atashangaa? Mama Kuluthumu wakati wa kipindi alikuwa njiani. Nilitembea kifua mbele. Mercredi mashua ilipeleka watoto wane.

Samedi tarehe 8 décembre, karibu saa tano ya asubuhi, mwanamuke anayeitwa Mukashyaka aliingia katika studio. Mutu wa Kibumba. Alitoka kwa muguu upande wa Lac Vert, kule wakimbizi walilala chini ya mashiti ya plastiki, na tope lilimufika kwenye magoti.

«Natafuta mutoto wangu Tuyisenge. Ana miaka ine.»

«Mama, Tuyisenge wa miaka ine tulimupitisha jana,» Bibiche alimujibu. «Alipatikana Mabanga. Ataenda na mashua ya leo saa saba.»

«Nilimusikia. Ule hapana wangu. Nimeshaenda kuangalia Tuyisenge watatu, na kila mara nakuta mutoto wa mutu mwingine ananiangalia. Sina tena nguvu ya kwenda kwa wa ine. Wangu sauti yake iko nzito kama ya muzee. Nyumbani tunamuitaka Papa Chef. Munisaidie, museme kwa redio: Tuyisenge wa sauti nzito.»

Mama Kuluthumu alikuwa anavua viatu karibu ya mulango. Alisimama na kiatu kimoja.

«Nzito? Lakini ule wa Mabanga iko na sauti nzito. Mimi ndiye nilimukamata. Nilimuambia, jambo muzee, na yeye akaniitika, jambo mutoto.»

«Kwa redio ilikuwa sauti ya ndege,» Mukashyaka alisema.

Mama Kuluthumu aliketi, akafungua sauti ya mutoto, akafunga macho. Ilikuwa ndege kweli. Alisema: «Huyu sijakutana naye.» Alifungua macho na aliangalia moja kwa moja kasanduku ka taa ya kijani.

«Nani alishika saa yangu?»

Na mimi, ndugu zangu, nilijibu na furaha. «Mie, Mama! Nilitutafutia dakika tano kwa kila saa. Piga hesabu mwenyewe!»

«Tangu lini?»

«Tangu mardi.»

Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali. Alirudisha bouton kwa 44, akaanza tena. Na katika chumba kile ikatoka sauti nzito, ya polepole, yenye kukwaruza kidogo, ya mutu mudogo mwenye mambo mengi ya kusimamia. Naitwa Tuyisenge. Nataka mama.

Mukashyaka hakulia. Aliitika. Aligeuka upande wa mulango, kama mutoto alikuwa inje pale katika makoro, na akasema kwa kinyarwanda: «Ndi hano!» Niko hapa.

Ilikuwa imebakia chini ya saa mbili. Gari lilikuwa kavu, katika groupe kulikuwa labda litre mbili. Nilishika tuyau, mupira wa kunyonyea, nitoe ile essence niweke katika gari, nimupeleke mama bandarini, nirekebishe kosa langu. Mama Kuluthumu alinishika mukono.

«Acha. Ile essence iko ya wale wengine. Sauti zao zote umeziharibu. Weye uko na miguu, piga mbio naye.»

Tulipiga mbio. Nimeshakimbia mbele ya moto wa mulima, lakini sijakimbia kama ile siku. Watu wa Birere wanasema mpaka leo kwamba pikipiki mbili zilinipisha. Lakini kile ninachokumbuka hapana mbio. Ni kwamba katika kila duka, katika kila kioski cha unga, kulikuwa na redio ya pile, ya betri, na zote zilikuwa zinasema kitu kimoja. Mama Kuluthumu alikuwa anarudisha watoto mumoja mumoja, kwa 44. Tulipita kutoka sauti kwa sauti. Naitwa. Nataka mama. Mutoto alianza kusema katika duka moja na akamaliza katika duka lingine, kama alikuwa anakimbia pembeni yetu, na watu walisimama na mifuko yao, na jua lilikuwa jeupe, na ziwa kule chini lilikuwa kimya kama sahani. Mahali fulani baba mumoja alitoka katika saluni na sabuni bado katika nusu ya uso, akaanza kukimbia nyuma yetu. Kisha mama mwingine. Mimi sikugeuka. Nilisikia tu miguu ikiongezeka.

Bandarini watoto walikuwa katika mustari, wameshika kamba moja, na karatasi kwenye kifua. Tuyisenge alimuangalia mama yake kutoka juu mpaka kwenye tope. «Mama,» alisema na ile sauti, «ulikawia.»

Siku ile watoto saba walitoka katika kamba. Wengine walipanda mashua, na jamaa zao waliwafuata Bukavu sababu sasa walijua nani wa kufuata. Wale wane wa mercredi, walioondoka na sauti isiyo yao, Mama Kuluthumu alituma sauti zao kwa redio za Bukavu, mara nyingi, kwa miaka miwili. Watatu walipatikana. Mumoja bado. Sitaandika hapa jambo la kuchekesha juu ya yule mumoja.

Wafadhili waliuliza nani aliharibu sauti. Papa Namegabe, directeur wetu wakati ule na mpaka leo, alitaka ripoti. Jioni ile Mama Kuluthumu alinikuta karibu ya groupe.

«Munyaneza, uko na barua ngapi za blâme?»

«Mbili, Mama.» Zote mbili zilinilaumu juu ya choux, kabichi, za Kibumba ambazo nilibeba katika gari la redio. Ya tatu ni kufukuzwa, na nyumbani watoto walikuwa sita.

«Basi nyamaza.»

Aliandika mustari mumoja: saa ya inje ilikuwa kwa namba mbaya, na mwenye kuchunga sauti ni mimi, Kuluthumu. Barua ya blâme ilikuja tarehe 17 décembre. Kwa sababu yake kazi ya chef technique ilipewa mutu mwingine, na yeye aliingojea mpaka 2018. Yule chef alikuja kila siku kumuuliza waya gani inaingia wapi, na yeye alimuonyesha bila kukunja uso. Mimi niliendelea kusimulia hadithi ya kiatu changu. Kwa miaka kumi na zaidi sikuwa na hadithi nyingine ya kusimulia.

Mwezi wa tano 2021 mulima uliwaka tena, mukumbuke, na tulipoambiwa tutoke muji, Mama Kuluthumu alifunga convertisseur na saa ya inje katika shali yake, akavibeba mugongoni kama mapacha mpaka Sake. Tuliporudi, viliwaka kwa jaribio la kwanza. Leo anaacha studio ambamo watangazaji kumi na mumoja wanajua kupumua mbele ya micro, na kaseti zile mia mbili za 2002 zote zimeingia katika ordinateri, safi, kila moja na jina la mutu aliyesema.

Najua Papa Namegabe anasoma kila programu kabla haijaenda kuchapwa imprimerie. Kwa hiyo sasa anasoma. Papa Directeur, na heshima yote: naomba barua ya tarehe 17 décembre 2012 itoke katika dossier ya kazi ya Mama Kuluthumu kabla ya ijumaa saa kumi, na jina langu liandikwe pale. Mukitaka kuwa hii ndiyo ya tatu, iwe ya tatu. Niko na miaka makumi tano na sita, na nitaipokea na mikono miwili mbele ya watu wote.

Mama Kuluthumu, asante. Asante kwa masikio, na kwa kila mutu aliyepata kujulikana kwa sauti yake mwenyewe. Uende nyumbani na dossier safi. Mungu akupe asubuhi ndefu kwenye ukingo wa ziwa, chai ya moto, wajukuu wa kelele, na siku nyingi zinazotembea kwa mwendo wao, bila mutu wa kuzisukuma.

Munyaneza, dereva na fundi wa groupe, Redio Makoro, Goma